Mcheza Kwao Hutuzwa: Juu ya Ridhaa na Malipo Michezoni

Jumapili ya tarehe 26 Agosti, 2012, nchini Kanada, msichana wa shule mwenye umri wa miaka kumi na mitano na miezi minne aliwashinda wanawake wazima katika mashindano makubwa ya gofu. Wengi wa wanawake hao gofu ndiyo iliyokuwa ikiwalisha na kuwavika. Fungu la mshindi lilikuwa dola 300,000. Msichana yule, Lydia Ko wa New Zealand, alikabidhiwa kikombe, akapigwa picha, kisha akarudi kwao kuendelea na masomo. Zile dola hakuzipata hata moja. Alipewa Inbee Park wa Korea Kusini, aliyeshika nafasi ya pili, nyuma yake kwa mikwaju mitatu. Wala hapakuwa na ubishi juu ya jambo hilo, kwani sheria ilikuwa wazi na kila mtu aliijua kabla mpira wa kwanza haujapigwa. Lydia alikuwa mchezaji wa ridhaa, na mchezaji wa ridhaa hapokei fedha za ushindi.

Habari hii niliisimulia mbele ya wanafunzi wangu wa kidato cha tatu, katika saa ya mjadala, nikawaomba waniambie wameionaje. Kijana mmoja wa nyuma hakungoja kuitwa. Alisema, “Mwalimu, huyo ameibiwa.” Binti aliyeketi karibu na dirisha akamgeukia na kumjibu, “Hakuibiwa. Alijua, na akakubali.” Darasa likagawanyika papo hapo. Tangu siku ile nimeyapima maneno ya watoto hao wawili, na naona kwamba wamelisema jambo lote linalonishughulisha katika insha hii. Je, mtu akikubali jambo, kukubali kwake kunatosha kulifanya jambo hilo kuwa la haki? Na yule anayecheza kwa malipo, je, amekipoteza kitu ambacho mwenzake wa ridhaa bado anacho?

Gofu si mchezo wa vijiji vyetu, basi yafaa niseme maneno machache juu yake. Mchezaji huupiga mpira mdogo mgumu kwa fimbo, kutoka mahali pa kuanzia mpaka uingie katika shimo lililo mbali, na hurudia kazi hiyo katika mashimo kumi na manane. Ashindaye ni yule aliyepiga mikwaju michache kuliko wenziwe. Mashindano makubwa huchukua siku tatu au nne. Huku kwetu mchezo huu ulikuja na wakoloni, hasa Waingereza, waliojitengea viwanja vipana vya majani mabichi pembezoni mwa miji, na kwa miaka mingi Mwafrika aliviona viwanja hivyo akiwa na mfuko wa fimbo za mtu mwingine begani, au akiwa na panga la kukatia majani. Ndiyo maana wengi wetu bado tunapolisikia jina la gofu hufikiri kwanza juu ya watu wenye nafasi. Fikira hiyo si ya bure, na baadaye tutaona ilivyohusika na sheria ile iliyomnyima Lydia fedha zake.

Tulitazame kwanza neno lenyewe. Sisi tunasema “ridhaa”. Waingereza, wakitaka kumtaja mchezaji wa namna hiyo, hutumia neno walilolichukua kwa Wafaransa, ambalo asili yake ni katika Kilatini, na maana yake ni mtu apendaye. Kwao, basi, asiyelipwa ni mpenzi wa mchezo. Sisi hatukulitafsiri neno hilo kwa pendo. Tulichagua neno la kukubali. Ridhaa ni hali ya moyo kutolazimishwa: binti huombwa ridhaa yake kabla ya kuozwa, na mwenye shamba huombwa ridhaa kabla ya njia kupitishwa katika ardhi yake. Sijui kama waliolianzisha neno hili katika michezo walikusudia tofauti hii, lakini ipo, na ina uzito. Pendo haliulizwi swali. Mtu hupenda tu. Ridhaa huulizwa. Na palipo na swali la kweli hapana budi pawe na nafasi ya kujibu “hapana”. Mtu asiyeweza kusema “hapana” hawezi kusemwa kwamba ameridhia, hata kama ametikisa kichwa.

Nikiutumia mzani huo, naona mambo mawili yanayokwenda kinyume cha mazoea yetu ya kusema. La kwanza, yawezekana mtu akalipwa na bado akawa anacheza kwa ridhaa yake kamili. La pili, ambalo ni chungu zaidi, yawezekana mtu akaitwa mchezaji wa ridhaa ilhali ridhaa yake haikuulizwa kamwe.

Nitasema juu ya hili la pili kwa kuwa nalijua kwa mwili wangu. Mwaka 1986, nikiwa kijana wa miaka kumi na minane, niliichezea timu moja ya mpira wa miguu ambayo sina haja ya kuitaja. Tulisafiri juu ya lori, tukalala sakafuni katika madarasa, na tulipowapa wenyeji wetu furaha ya ushindi tulipewa soda na mkate. Sikulalamika, nilikuwa na furaha isiyosemeka. Katika mechi ya tano goti langu la kulia liliteguka vibaya. Nililazwa wiki tatu. Kiongozi wa timu alikuja mara moja, akaleta chupa mbili za soda, na mama yangu alipomwuliza juu ya gharama za matibabu alimjibu kwa upole kabisa, “Mama, huyu kijana ni mchezaji wa ridhaa. Hakuna aliyemlazimisha.” Viingilio vya mechi ile vilikuwa vimekusanywa langoni, na watu walijaa mpaka juu ya miti. Mpaka leo nikipanda ngazi za shule goti hilo hunikumbusha jinsi neno zuri linavyoweza kutumiwa kufungia mlango.

Tena neno hilo halikuanza kutumiwa hivyo kwetu. Katika Uingereza ya karne ya kumi na tisa, waliosisitiza kwamba mchezo wa heshima ni ule usiolipiwa walikuwa watu wenye mashamba na mapato, ambao wangeweza kucheza wiki nzima bila ya njaa kubisha hodi. Fundi, mvuvi, au mtoto wa mbeba fimbo aliyekuwa hodari wa gofu alilazimika kupokea ujira ili aweze kucheza, na kwa kupokea huko akahesabiwa kuwa mtu wa daraja la chini. Wenyeji wa klabu walitumia ustadi wake, wakajifunza kwake, lakini hawakuketi naye. Hata mwaka 1920, mashindano makuu ya Uingereza yalipochezwa Deal, wachezaji wa kulipwa hawakuruhusiwa kuingia katika jumba la klabu. Walitakiwa kuvalia nguo zao kwingine.

Mwanamke aliyeuonja ukali wa sheria hiyo kuliko wengi alikuwa Mildred Didrikson wa Texas, aliyejulikana kwa jina la Babe, na baada ya kuolewa Babe Zaharias. Alikuwa binti wa wahamiaji wa kawaida kutoka Norway. Katika Olimpiki ya Los Angeles ya mwaka 1932 alipata medali mbili za dhahabu na moja ya fedha katika riadha. Mwaka 1935 akaingia katika gofu, akashinda mashindano ya wanawake wa Texas, na mara chama cha gofu cha Marekani kikamwondoa katika daraja la ridhaa, kwa hoja kwamba alikwisha kulipwa katika michezo mingine. Hakuwa amevunja sheria yoyote ya adabu kiwanjani. Kosa lake lilikuwa kula kutokana na mwili wake. Alikaa miaka mpaka aliporudishiwa daraja hilo mwaka 1943. Mwaka 1947 akawa Mmarekani wa kwanza kushinda mashindano ya wanawake wa ridhaa ya Uingereza, na mwaka huohuo akarudi upande wa kulipwa. Mwaka 1950 alikuwa miongoni mwa wanawake kumi na watatu waliokianzisha chama cha wanawake wachezaji wa gofu wa kulipwa, LPGA, chama kilekile ambacho mashindano yake Lydia alikuja kuyashinda miaka sitini na miwili baadaye akiwa mwanafunzi. Siku hizi ukali umelegea. Tangu Januari 2022 sheria za gofu zinamruhusu mchezaji wa ridhaa kupokea fedha za zawadi kwa kiasi kidogo, na kunufaika kwa jina na picha yake. Ukuta uliodhaniwa kuwa wa maadili umeonekana kuwa na mlango.

Wazee wetu waliliona jambo hili kwa jicho jingine. Methali isemayo “mcheza kwao hutuzwa” haimlaumu mchezaji kwa kupokea. Inamwahidi. Mwimbaji wa taarabu anapoifikisha sauti yake mahali pake, mama mmoja huinuka, akaenda kwa madaha mpaka jukwaani, akamtuza. Katika ngoma za Wasukuma, makundi ya Bagika na Bagalu hushindana siku nzima, na manju ashindaye ni yule ambaye watu wengi zaidi wamemkimbilia. Naye hasemwi kwamba ameiuza ngoma kwa sababu ametunukiwa. Hapana aliyepata kumwambia malenga kwamba shilingi aliyotuzwa imeyachafua mashairi yake.

Walakini tusijidanganye kwamba methali imekwisha kulijibu swali letu, kwa maana kutuza si kulipa. Katika Kiswahili twalipa deni, twalipa kodi, twalipa kisasi. Palipo na kulipa pana jambo lililokuwa likidaiwa. Tuzo haidaiwi. Humjia mchezaji baada ya kucheza, kwa ukarimu wa yule aliyefurahi, na kama haikuja hana mahakama ya kwenda kuishitaki. Ujira umepatanwa kabla. Aliyeutoa anayo haki ya kuuliza kazi iko wapi, na aliyeufanyia kazi anayo haki ya kuudai. Tuzo huacha nyuma yake upendo, na pengine unyonge pia, kwani mwenye kutegemea tuzo hutegemea furaha ya watu. Ujira huacha haki. Lau mimi mwaka 1986 ningekuwa na karatasi yenye sahihi mbili, yule bwana asingekuja hospitalini na soda tu. Basi siwezi kuungana na wale wanaohuzunika kwamba malipo yameondoa utu katika michezo. Mara nyingi malipo ndiyo yaliyouleta.

Na kuna njia ya tatu, ambayo nchi yetu iliijaribu kwa muda. Tarehe 2 Februari, 1974, katika mji wa Christchurch, New Zealand, nchi hiyohiyo ambayo Lydia alikuja kukulia, Filbert Bayi wa Tanzania alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, akaivunja rekodi ya dunia katika Michezo ya Jumuiya ya Madola. Aliongoza toka mwanzo mpaka mwisho, na John Walker, mwana wa New Zealand, akafika nyuma yake. Kwa sheria za wakati ule mwanariadha hakuruhusiwa kupokea fedha za ushindi. Bayi alikuwa askari. Jeshi ndilo lililomtunza, kama vile mashirika ya umma, reli na magereza yalivyowatunza wachezaji wengine wengi wa miaka ile. Kwa jina walikuwa wa ridhaa, kwa mkate walikuwa watumishi. Wako wanaoucheka utaratibu huo na kuuita malipo ya kujificha. Mimi nauheshimu, kwa kuwa ulikiri jambo ambalo mabwana wa klabu za Uingereza hawakutaka kulikiri: kwamba mtu hawezi kuipa nchi mwili wake asubuhi na jioni kisha akalala na njaa. Kasoro yake ilikuwa katika miaka iliyofuata mbio. Jeshi lilimpa askari mshahara wa askari. Kile ambacho miguu yake ilikiingizia dunia, kuanzia tikiti hadi televisheni, kilikwenda kwingine.

Turudi kwa Lydia, tuone ridhaa yake ilikuwa ya namna gani.

Alizaliwa Seoul, Korea Kusini, mwezi Aprili 1997, na wazazi wake wakahamia New Zealand angali mdogo. Akiwa na miaka mitano alipelekwa kwa mwalimu wa gofu katika klabu ya Pupuke, kaskazini ya Auckland. Mwalimu huyo, Guy Wilson, alianza na mtoto asiyejua hata kushika fimbo. Alipokuwa na miaka saba aliingizwa katika mashindano ya taifa ya wanawake wa ridhaa, na magazeti yakaja kutazama. Mwanzoni mwa mwaka 2012, akiwa na miaka kumi na minne, alishinda mashindano ya kulipwa huko Australia. Mwezi Agosti akachukua ubingwa wa wanawake wa ridhaa wa Marekani, na wiki mbili baadaye ikawa ile Jumapili ya Kanada. Mwaka uliofuata alirudi Kanada na kushinda tena, na kwa mara nyingine akaondoka na kikombe peke yake. Katika mashindano hayo mawili tu aliziacha mezani dola 600,000.

Aliweza kuziacha kwa sababu alikuwa na pa kuegemea. Wazazi wake walikuwa wameyapanga maisha yao kumzunguka yeye; chama cha gofu cha nchi yake kilimsaidia katika safari. Hili halipunguzi heshima yake, bali linatuonyesha ridhaa inatoka wapi. Subira ya mtoto yule ilisimama juu ya mabega ya watu wengi. Kijana wangu wa nyuma aliposema “ameibiwa”, nadhani alikuwa akifikiri juu ya nyumba yao, ambamo dola 300,000 haziwezi kuachwa hata kwa dakika moja. Naye alikuwa na haki ya kufikiri hivyo. Uhuru wa kukataa ni kitu cha gharama, na aghalabu mwenye kukataa siye aliyekilipia.

Mwezi Oktoba 2013, akiwa na miaka kumi na sita, Lydia alitangaza kwamba sasa atacheza kwa kulipwa. Kanuni za LPGA zilitaka mwanachama awe na miaka kumi na minane, ila chama kilimpa ruhusa ya pekee. Mwezi Desemba, katika mashindano yake ya pili tangu atangaze hivyo, alishinda huko Taiwan, na safari hii fungu la fedha likawa lake.

Hapa nakiri kwamba mzani wangu unatikisika. Mtoto wa miaka mitano aliyepewa fimbo, je, aliulizwa? Mtoto wa miaka saba aliyeingizwa kati ya wanawake wazima, je, angeweza kusema kwamba leo anataka kubaki nyumbani? Huenda angeweza, huenda nyumba yao ilikuwa na masikio. Wazazi wote huwachagulia watoto wao kabla watoto hawajajua kuchagua. Huwachagulia dini, lugha na shule, na mtoto asiyechaguliwa chochote hatuiti kuwa huru bali twamwita mtoto wa mtaani. Lakini tofauti ipo kati ya kumfungulia mtoto njia na kumfungia njia nyingine zote. Siku mtoto atakapoanza kulipwa, na jamaa nzima ikaanza kula kwake, swali la ridhaa huwa gumu mara mbili, kwa sababu “hapana” yake sasa ni njaa ya watu wengine. Sisi walimu twawaona watoto wa namna hii, si katika gofu, bali katika biashara za sokoni, katika mashua na migodini. Wanafanya kazi kwa bidii na kwa fahari, na ukiwauliza kama wanapenda watakuambia wanapenda.

Jambo la kwanza ambalo Lydia alilifanya katika maisha yake mapya liliwaumiza wengi huko kwao. Mwishoni mwa mwaka huohuo wa 2013 aliachana na Guy Wilson, mwalimu aliyemfundisha tangu umri wa miaka mitano, akaenda kwa mwalimu mwingine mwenye jina kubwa huko Marekani. Kama mwalimu, habari hii niliisoma kwa uchungu ambao si wa haki. Kwani mimi nafundisha nini, kama si watoto watakaoniacha? Mwanafunzi asiyeondoka hakufundishwa. Hata hivyo, kuondoka kuna namna mbili: mwanafunzi huhitimu, na mfanyakazi huachishwa. Lydia aliyekuwa mwanafunzi aligeuka kuwa mwajiri, na mwalimu wake, bila kuhama mahali alipokuwa amesimama, akajikuta yeye ndiye mtu wa kuajiriwa. Hicho ndicho kitu ambacho malipo hukibadili, nami nakiri kwamba kinagusa moyo zaidi ya zile dola. Fedha haikuondoa pendo la mchezo. Ilibadilisha majina ambayo watu walikuwa wakiitana.

Ilileta pia swali la “kwao”. Methali yasema mcheza kwao hutuzwa, lakini kwao Lydia ni wapi? Alizaliwa Korea, akalelewa New Zealand, anafanya kazi zaidi Marekani. Mwaka 2014, alipokuwa amekwisha kuanza kupata mamilioni, ulizuka ubishi nchini New Zealand kama fedha za umma ziendelee kumsaidia. Upande mmoja ulisema anaipeperusha bendera ya taifa. Upande mwingine ukasema tajiri hapewi posho. Ubishi huo tunaujua. Mchezaji wetu akifanikiwa ng’ambo twasema ni wetu. Akidai fedha zake twasema amesahau alikotoka.

Mwezi Februari 2015, akiwa na miaka kumi na saba, alifika nafasi ya kwanza duniani, nafasi ambayo hapana mchezaji, mwanamume wala mwanamke, aliyekuwa ameifikia katika umri mdogo kiasi hicho. Mwezi Septemba mwaka huo alishinda mashindano ya Evian huko Ufaransa. Kisha, baada ya miaka mizuri, ukame ukaja. Kati ya mwezi Aprili 2018 na Aprili 2021 hakushinda hata mara moja katika mashindano ya LPGA. Walimu walibadilishwa mmoja baada ya mwingine. Miaka mitatu ni mirefu kwa mtu aliyezoea kushinda tangu utotoni, na mchezaji wa kulipwa hawezi kujificha, kwa kuwa kila wiki jina lake huandikwa mahali pake katika orodha, mbele ya walimwengu. Mchezaji wa ridhaa akichoka hurudi darasani. Huyu alirudi kiwanjani kila Alhamisi.

Kiwanja cha gofu cha kulipwa si kitu cha mbali tena na sisi. Mwezi Desemba 2019 mzunguko wa wanawake wa Ulaya ulifika Vipingo, Kilifi, katika pwani ya Kenya, katika nchi ya mashamba ya mkonge. Aliyeshinda pale alikuwa Esther Henseleit, Mjerumani wa miaka ishirini, aliyekuwa katika mwaka wake wa kwanza wa kulipwa. Kwa ushindi huo alimaliza mwaka akiwa wa kwanza katika mzunguko mzima. Miongoni mwa washiriki walikuwamo wanawake wa Kenya wa daraja la ridhaa. Walivikanyaga vijani vilevile, wakaupiga mpira katika upepo uleule wa Bahari ya Hindi, nao walijua tangu asubuhi kwamba fungu la fedha halikuwahusu. Mtu aweza kusema walipata ujuzi, na ni kweli. Lakini fimbo, viatu, nauli na siku za kazi zilizopotea vina bei ileile kwa aliye na fungu na kwa asiye nalo.

Na sasa nitasimulia sehemu ya mwisho, ambayo darasani niliiweka akiba kwa makusudi. Gofu ilikuwa imeondolewa katika Olimpiki tangu mwaka 1904, na kwa wanawake tangu 1900, ambapo Margaret Abbott wa Marekani alishinda karibu na Paris, akapewa bakuli la kauri, na akafariki mwaka 1955 bila kujua kwamba yale yalikuwa mashindano ya Olimpiki. Mchezo huo uliporudishwa Rio mwaka 2016, wachezaji wa kulipwa waliruhusiwa kuingia, ila katika gofu ya Olimpiki hakuna fungu la fedha kwa mshindi. Ni medali tu. Rio dhahabu ilichukuliwa na Inbee Park, yuleyule aliyepewa dola za Lydia huko Kanada. Wa pili alikuwa Lydia. Huko Tokyo, mwaka 2021, Lydia alipata shaba. Tarehe 10 Agosti, 2024, mjini Paris, akiwa na miaka ishirini na saba, alipata dhahabu. Na aliyesimama kando yake na medali ya fedha alikuwa Esther Henseleit wa Vipingo. Lydia alilia wimbo wa taifa lake ulipopigwa. Wiki mbili baadaye alikuwa St Andrews, Scotland, akishinda mashindano makuu ya Uingereza, na huko alilipwa.

Nilipofika hapo kengele ilikuwa karibu kulia. Kijana wa nyuma alikuwa akifanya hesabu ya kitu fulani katika karatasi. Binti wa dirishani akanyoosha mkono.

“Mwalimu, siku ile ya Paris, alikuwa wa ridhaa au wa kulipwa?”

Niliwaambia waandike insha, kurasa mbili, waziwasilishe Jumatatu. Madaftari thelathini na manane yako juu ya meza yangu. La kijana wa nyuma lina kurasa tano.